Kipimo cha mate kimesema sina jeni ya saratani. Je, naweza kuacha kliniki?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 34, naishi Tanga. Mama yangu aligundulika na saratani ya matiti akiwa na miaka 39, akafariki akiwa na 42. Mama mdogo, anayemfuata mama kuzaliwa, sasa anatibiwa saratani ya ovari. Daktari aliniambia nianze kupigwa picha ya matiti kila mwaka. Dada yangu anayeishi Marekani alipokuja likizo alileta kichupa cha kutemea mate, akaondoka nacho, na majibu yakaja kwenye simu. Sehemu ya saratani ya matiti imeandikwa kwamba hakuna mabadiliko yaliyopatikana. Nilimshukuru Mungu, na tangu hapo sijaenda kliniki. Sehemu ya asili inasema nina asilimia 9 ya Iran. Bibi alikuwa akituambia sisi ni Washirazi, mjomba anasema hizo ni hadithi tu. Je, majibu haya ni ya kuaminika? Na binti yangu mwenye miaka 8 naye yuko salama? – Bi M., Tanga

JIBU: Marahaba, Bi M. Pole kwa kufiwa na mama, na mama mdogo Mungu amjalie nafuu. Kwanza kabisa, rudi kliniki ukapange upya tarehe ya picha ya matiti. Hilo lisisubiri.

Barua za namna hii nazipata kila mara, na karibu zote zina sentensi ileile: "Nimepima, sina jeni ya saratani." Sentensi hiyo ina makosa mawili, na la pili linaua watu.

Kosa la kwanza ni kudhani kuna mtu asiye na jeni hizo. Jeni zinazoitwa za saratani ya matiti, BRCA1 na BRCA2, zimo ndani ya kila binadamu, mwanamke kwa mwanamume, na kazi yake ni ya kheri: kutengeneza vinasaba vinapokatika. Shida huja pale mtu anaporithi nakala moja mbovu kutoka kwa baba au mama. Mwanamke aliyerithi nakala mbovu ana uwezekano unaozidi nusu wa kuugua saratani ya matiti maishani mwake, na ule wa saratani ya ovari hupanda mara nyingi kuliko wa wanawake wengine.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kipimo cha mate kilichokuja na posta kimezisoma jeni hizo. Hakikuzisoma. Kiliangalia vituo vichache, yaani sehemu ndogo ndogo za jeni, vilivyochaguliwa mapema, basi. Chukua mfano wa 23andMe, kampuni inayojulikana kuliko zote katika biashara hii. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kumpa mteja majibu ya BRCA bila kupitia kwa daktari. Kibali kile kilihusu mabadiliko 3. Matatu tu. Na matatu hayo yanapatikana zaidi kwa Wayahudi wa Kiashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, ambao karibu mtu 1 kati ya 40 analo mojawapo. Kwa mwanamke wa Tanga, kuambiwa hana mabadiliko hayo matatu ni kuambiwa jambo ambalo lingeweza kukisiwa bila kutema mate. Mwaka 2023 orodha ilipanuliwa ikafika 44, nayo ni hatua, sikatai. Lakini mabadiliko yenye madhara yanayojulikana katika jeni hizo mbili ni maelfu. Ukizihesabu herufi za vinasaba zinazotoa maelekezo ya protini katika BRCA1 na BRCA2, ni karibu 16,000, na kasoro inaweza kukaa popote kati yake. Kuna familia ambazo kipande kizima cha jeni kimekatika au kimejirudia, na vipimo hivi havikuundwa kukiona. Mhasibu akifungua kurasa chache za daftari la duka, hawezi kuapa kwamba hakuna fedha iliyoibwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba ripoti zenyewe husema hivyo. Ukishuka chini ya ile alama ya kutuliza moyo utakuta maelezo kwamba majibu haya hayaondoi uwezekano wa kuwa na mabadiliko mengine, na kwamba usiache uchunguzi ulioshauriwa na daktari. Maelezo hayo yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, mtu anasoma kwenye simu huku ndugu wanampongeza. Nani atayafikia? Mimi nawaona wanaokuja baadaye wakiwa na uvimbe waliouvumilia miezi kwa miezi kwa sababu simu iliwaambia hawana tatizo. Mwanamke mwenye uvimbe titini, chuchu inayotoa damu au ngozi iliyobonyea anatakiwa hospitali, hata awe na ripoti kumi za vinasaba. Saratani nyingi za matiti, kama tisa kati ya kila kumi, hazitokani na jeni mbovu ya kurithi. Kwa hiyo hata kipimo bora kuliko vyote kikisema huna kasoro, hakijakuondolea hatari waliyonayo wanawake wote.

Sasa kuhusu familia yako, ambayo ndiyo taarifa nzito kuliko yote yaliyomo kwenye hiyo simu. Saratani ya matiti kabla ya miaka 40 na saratani ya ovari kwa ndugu wa tumbo moja: daktari yeyote wa saratani akisikia hivyo anaanza kufikiria BRCA. Na mtu wa kupimwa kwanza siye wewe. Ni mama mdogo. Nalirudia jambo hili kliniki mpaka sauti inakauka, maana familia humleta mtu mzima wa afya na kumwacha mgonjwa nyumbani. Sababu yake ni hii: mama mdogo akipimwa jeni zote kikamilifu na ikapatikana kasoro, maabara itajua hasa mahali pa kuangalia kwako. Hapo ukikutwa huna kasoro ileile, ni habari njema ya kweli, umeepuka urithi huo. Ukikutwa nayo, tunajua la kufanya. Lakini tukianza na wewe tukakosa kitu, hatutajua kama umeepuka au kama kasoro ya familia yenu iko kwenye jeni nyingine, PALB2 au TP53 kwa mfano. Tutabaki gizani, na tutalazimika kukufuatilia kama mtu mwenye hatari.

Kwa mama mdogo kipimo hicho kina faida nyingine. Mgonjwa wa saratani ya ovari anastahili kupimwa BRCA kwa ajili ya matibabu yake mwenyewe, kwa sababu kuna dawa, olaparibu ikiwa mojawapo, zinazofanya kazi vizuri zaidi pale jeni hiyo inapokuwa mbovu. Bei ya dawa hizo ni kubwa, sitakuficha. Hata hivyo mwambie amuulize daktari wake. Uliza pia upande wa wanaume: mjomba wako anaweza kuwa amebeba kasoro hiyo bila kuugua na akawapa binti zake. Wengi husahau kwamba saratani ya matiti hurithiwa hata kupitia kwa baba.

Kipimo kamili hufanywa kwa damu au mate, lakini jeni husomwa mwanzo hadi mwisho, daktari ndiye anayekiomba, na kabla yake unakaa na mtu anayekueleza kila jibu linaweza kumaanisha nini. Hapa kwetu sampuli nyingi bado hupelekwa nje kupitia hospitali kubwa, kwa hiyo anzia kwa daktari anayemtibu mama mdogo. Ujiandae pia kwa jibu la katikati: mabadiliko yameonekana, lakini hayajulikani kama yana madhara. Waafrika hupewa jibu hilo mara nyingi kuliko Wazungu, kwa kuwa hazina za kumbukumbu zilizotumika kulinganisha zimejaa vinasaba vya watu wa Ulaya. Jibu hilo lisitumiwe kumkata mtu titi wala ovari.

Binti yako mwache acheze. Mtoto hapimwi jeni za BRCA, kwani hakuna la kumfanyia mpaka awe mtu mzima, na uamuzi wa kujua au kutojua ni wake atakapokua.

Kuhusu Iran nitasema kwa ufupi. Bibi hakuwadanganya. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, na katika mji mmoja wa bara. Wengi wao walikuwa na asili ya Afrika, hasa kwa upande wa mama zao, ikiwa imechanganyika na asili ya Asia ambayo sehemu yake kubwa ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, yaani Iran ya leo. Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000, na baada ya 1500 asili ya Arabuni ikaongezeka. Kwa hiyo simulizi za Washirazi zina mizizi. Lakini asilimia 9 yako ni makadirio: kampuni imekulinganisha na watu walio hai leo ambao imewahi kuwapima. Ikibadilisha orodha yake ya kulinganishia, nambari itabadilika na damu yako ikabaki ileile. Dada yako wa tumbo moja anaweza kupata 5 au 12, maana kila mtoto hurithi nusu yake kwa namna yake. Mwambie mjomba kwamba nambari hiyo haimpi ushindi yeye wala bibi.

Ninaloliogopa zaidi ni biashara inayoota pembeni ya vipimo hivi. Kuna wanaochukua faili lote la majibu ghafi kutoka kwenye kampuni na kulipakia kwenye tovuti nyingine, nayo inawarudishia orodha ya maradhi ya kutisha. Mwaka 2018 maabara moja ya Marekani ilichapisha matokeo baada ya kupima upya mabadiliko ambayo watu walikuwa wameyakuta kwenye mafaili ya aina hiyo: asilimia 40 hayakuwepo kabisa. Teknolojia ya vipimo hivi husoma vizuri tofauti zinazopatikana kwa watu wengi. Mabadiliko adimu, na ndiyo hasa yanayoleta saratani za kurithi, huyakosea sana. Kwa hiyo mmoja anatulizwa asipotakiwa kutulizwa, na mwingine anaingizwa hofu ya ugonjwa asiokuwa nao.

Halafu kuna matapeli wa hapa nyumbani. Unashikishwa chuma mkononi, kompyuta inawaka dakika moja, unapewa karatasi inayosema mashine imesoma DNA yako na imeona ini limechoka, figo moja ina sumu na kizazi kina uvimbe. Anayekusomea karatasi hiyo ndiye mwenye makopo ya dawa mezani. DNA haisomwi kwa kushika chuma. Inahitaji seli zako, mate au damu, na maabara, na muda wa siku au wiki. Wengine wanauza lishe ya kulingana na jeni, au kipimo cha kujua kipaji cha mtoto wa chekechea. Hakuna kipimo cha jeni kitakachokuambia mwanao atakuwa rubani, na mzazi anayelipia hicho anapoteza ada ya shule. Inaniudhi zaidi ninapokutana na watu wenye shahada wakiuza vitu hivi, kwa kuwa wanajua.

Na mate yakishaondoka, hayarudi. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika mahakamani, hazina yake ya vinasaba ikawa miongoni mwa mali zilizotafutiwa mnunuzi. Vinasaba vyako ni vya binti yako pia, na vya mama mdogo, ambao hakuna aliyewauliza. Tanzania imekuwa na sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu tangu 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na sampuli ya mtu si zawadi ya kutia kwenye begi la safari. Mwombe dada aingie kwenye akaunti, afute taarifa zako na aagize sampuli iharibiwe kama bado imehifadhiwa.

Kwa yeyote anayetaka kukuuzia kipimo cha vinasaba, muulize: sampuli inakwenda maabara gani, jeni inasomwa yote au vituo vingapi, nani atanieleza majibu, na je, majibu yakiwa mabaya wewe ndiwe utakayeniuzia dawa? Akijibu ndiyo kwa hilo la mwisho, usinunue.