D-dima ya mzee imepanda: ni moyo?

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umesema mzee ana miaka 68, mishipa ya moyo imeziba kiasi, na karatasi ya maabara imeandika D-dima 640 na kimshale cha kupanda juu. Unauliza kama damu inamganda moyoni.

Kwa namba hiyo peke yake, huwezi kusema hivyo. D-dima ni vipande vinavyobaki mwili unapoyeyusha donge la damu. Hupanda kwa homa ya mapafu, kwa upasuaji, hata kwa uzee tu. Kazi yake hasa ni kuondoa shaka ya donge la mguuni au mapafuni, na huko madaktari wengi hupata kikomo cha kawaida kwa kuzidisha umri kwa 10 kwa waliopita miaka 50. Kwa mzee kikomo kinakuwa 680, si kile cha 500 kilichochapwa na mashine, na 640 yake haijakifikia (kama kizio ni nanogramu kwa mililita za FEU, mojawapo ya namna za kuhesabu D-dima; hebu itazame tena karatasi). Shambulio la moyo hutafutwa kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na troponini (protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia).

Kilichonishtua mimi ni pale uliposema ameacha aspirini kwa kuwa anakunywa habasoda. Donge la mshipa wa moyo huanza na chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazosaidia kuganda) kushikana, na aspirini ndiyo inayozizuia. Arudi kwa daktari wake wiki hii, na habasoda aitaje.

Kifua kikimbana na jasho la baridi likimtoka, mkimbizeni hospitali ya hapo hapo, usiku huo huo. Msingoje boti ya Unguja.