Maswali ya wasomaji: Folda imeingia Subversion, mbona haikubali komiti?

SWALI: Hamjambo wataalamu. Ofisini kwetu Westlands tunatumia Subversion, programu ya kutunza matoleo ya msimbo kwenye seva. Nimeingiza folda ya mradi iitwayo duka kwa amri ya `svn import`, na mwishoni ikaandika `Committed revision 1`. Nikahariri faili moja, nikatoa `svn commit` ili kupeleka mabadiliko kwenye seva (yaani kukomiti), nikajibiwa kosa la E155007 kwamba folda hiyo si nakala ya kazi (working copy). Je, data zimepotea? – Msomaji, Umoja

JIBU: Hazijapotea, ziko kwenye seva. `svn import` hupakia nakala tu. Folda yako haiguswi, wala haiwekewi ile folda iliyofichwa ya `.svn`, ambayo ndiyo huiambia Subversion faili ilitoka toleo gani. Lazima uichukue upya kutoka kwenye seva:

`mv duka duka-zamani`
`svn checkout http://seva/svn/duka/trunk duka`

Weka anwani yenu hapo; `trunk` ni folda kuu ya msimbo wa mradi. Kisha nakili ile faili uliyohariri kwenye folda mpya na utoe `svn status`. Ukiona herufi M (imebadilishwa) mbele ya jina lake, komiti.

Folda ya zamani usiifute bado. Kwanza toa:

`diff -r -x .svn duka duka-zamani`

Hapa ndipo wengi hushtuka, maana `svn import` huruka kimyakimya faili zenye viambishi kama `.o`, `.a`, `.so` na `.pyc`, ikidhani ni takataka za kompaila. Kama mradi unategemea maktaba ya `.so` mliyopewa bila msimbo wake, haikupanda. Inakili kwenye folda mpya, kisha iongeze kwa kuitaja jina: `svn add lib/jina.so`. Ukiongeza folda nzima, itarukwa tena. Kwa mradi mwingine, tumia `--no-ignore` tangu mwanzo.

Na funguo za Daraja (API ya Safaricom) za kupokea malipo ya M-Pesa, je, zimo kwenye faili ya mipangilio? Kama zimo, `svn delete` haikuokoi, kwani toleo la 1 linabaki nazo na yeyote mwenye ruhusa atazisoma. Badilisha funguo leo hii, kabla ya kuhangaika na kusafisha historia. Kusafisha kwenyewe ni kazi ya msimamizi wa seva: `svnadmin dump`, halafu `svndumpfilter exclude`, halafu kupakia upya.

SWALI: Nataka kutoka Subversion nihamie Git, programu nyingine ya kutunza matoleo, bila kupoteza historia. Nianzie wapi? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Anza na majina. `svn log -q` itakuonyesha waliokomiti. Yaandike kwenye `waandishi.txt`, kila mtu mstari wake: jina la kuingilia, alama ya =, jina kamili, kisha barua pepe ndani ya `< >`. Halafu:

`git svn clone --stdlayout -A waandishi.txt http://seva/svn/duka duka-git`

Anwani iishie juu ya `trunk`, isiingie ndani yake. Jina moja likikosekana, kazi husimama hapo hapo. Liongeze, ingia `duka-git`, toa `git svn fetch`, nayo itaendelea ilipoishia. Hata stima ikipotea, dawa ni hiyo hiyo. Matoleo huvutwa moja moja, kwa hiyo fanyia kazi hii kwenye mtandao wa ofisi ilipo seva, si kwa bando la simu. Folda tupu hazitahama, kwa sababu Git haizihifadhi. Ukizihitaji, ongeza `--preserve-empty-dirs` kwenye ile amri ya clone kabla hujaanza.