Jibu: Supachaja ya Mini kwenye 4A-FE
Mkuu, umeuliza kama Eaton M45, supachaja (pampu ya kusukuma hewa kwenye injini) ya Mini Cooper S, itakaa kwenye injini ya 4A-FE ya Corolla yako ukikata manifoldi ya kuingizia hewa. Itakaa, ila kazi iko kwenye kuchomelea. Aluminiamu ikipata moto inapinda, kwa hiyo manifoldi ifunge kwa bolti zote kwenye silinda hedi chakavu ndipo uchomelee kwa argoni. Ikipoa, kasawazishe uso. Throto bodi (valvu ya kudhibiti hewa) ikae kabla ya supachaja. Nyuma ya M45 kuna gia iliyokuwa inazungusha pampu ya maji ya Mini; kwako haina kazi, ziba tundu lisivujishe oili. Presha ya supachaja usiikimbilie: kompresheni ya injini yako yenyewe ni 9.5:1, na petroli ikipungua pistoni zinatoboka. Shughulikia nozeli za petroli na sensa ya MAP (inayopima presha ya manifoldi) kwanza, mbwembwe baadaye. Ukipata SC12, supachaja ya injini ya Toyota 4A-GZE, mimi ningechukua hiyo.