Wamenilipa! Dai Wimbo Wako na Wewe

Kampuni iliyochukua kiitikio changu ikakitia kwenye tangazo lake imenilipa. Kiasi sitaji, ndivyo tulivyokubaliana, lakini wapigaji wangu wote wamepata chao na kimebaki. Tangu habari ivuje, wanamuziki wenzangu wananiuliza swali moja: umewezaje, katika nchi zetu hizi ambako ukiripoti kuibiwa wimbo polisi wanakuuliza ni kaseti ngapi?

Tangazo lenyewe nililisikia redioni, nimekaa na watu. Wakanipongeza wakidhani nimevuna. Nikatabasamu tu, na hadi leo linaniuma. Nilipopiga simu, mtu wa masoko akaniambia nishukuru kwa kuwa wamenipa jina. Jina! Niliwahi kulipia studio kwa jina?

Baadaye wakageuza maneno: wimbo tumeununua kwa prodyuza. Hapo ndipo walipojifunga. Siku ya kurekodi, kabla kompyuta haijawashwa, tulisainiana karatasi moja: mashairi na melodi ni vyangu, rekodi ni ya wote wawili, na hakuna wa kuiuza bila saini ya mwenzake. Prodyuza alinicheka, eti najifanya wakili. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Mwenye rekodi akiridhia, mtunzi naye hajaombwa bado. Wengi wenu hili hamlijui na mnaona haya kuuliza.

Sheria zipo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unamlinda mtunzi bila kumdai usajili wowote. Ila mahakamani utaulizwa ushahidi, kwa hiyo jisajili hivyo hivyo: chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo wake unapotumika, majina ya watunzi yaandikwe sawasawa, na kila rekodi iwe na ISRC yake, ile nambari ya herufi na tarakimu 12. Jina likikosewa kwenye orodha ya nyimbo zilizopigwa na kituo, mirabaha inakwama.

Halafu chagueni wa kumdai. Kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi mwacheni. Kesi yake itakugharimu kuliko atakacholipa. Wadaini wenye bajeti: watangazaji, vituo vya redio na televisheni, mahoteli, kampuni za simu zinazouza miito.

Na usikate tamaa kwa sababu uliuza zamani. Solomon Linda wa Afrika Kusini aliachia haki za wimbo wake "Mbube" kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, na kwa kifungu hicho familia yake ikabana hadi ikafikia makubaliano mwaka 2006. Soma karatasi ya zamani pamoja na mwanasheria.

Mimi sikufika mahakamani. Barua ya kwanza waliipuuza. Ya pili ilikuwa na sauti ya tangazo, majina ya vituo na saa lilipopigwa, nakala ya ile karatasi, kiasi ninachodai na tarehe ya mwisho. Wakapiga simu wenyewe, safari hii kwa adabu.

Na wewe uliyeniandikia juzi ukitaka nikusaidie kushtaki: wimbo wako nimeusikiliza. Ile biti umeipakua bure na mwenyewe hujamwomba. Kamalizane naye kwanza, ndipo tuzungumze.