Mnazi wa uani unalala upande, angalia jua kwanza

Dadangu, umeuliza kwa nini mnazi wako wa uani unalala upande, ukisema uko hatua moja tu kutoka ukuta wa jirani basi mimi naona ni mwanga, mnazi ukizibiwa jua unalifuata kule liliko, na shina likishapinda halinyooki tena, kitakachosimama ni kipande kipya cha juu. Lakini jaribu kuusukuma mnazi kidogo. Shina likicheza pale chini ni mizizi haijashika, na huu upepo wa kusi hapa Mombasa hauna huruma, shindilia udongo uegemeze boriti tatu, kamba ipite juu ya gunia ulilozungushia shina, misumari usigongomee tafadhali, kidonda cha mnazi hakifungi. Halafu chungulia kileleni, makuti yakiwa kama yamekatwa makasi hao ni chonga, wale mbawakawa weusi wenye pembe, mwite mkwezi awatoe haraka kabla hawajafika kwenye moyo wa mnazi, pale juu unapochipukia.