Mtoto anateleza kwenye kiti cha magurudumu: anza na nyonga

Pole kwa hangaiko, Mama. Umesema mwanao wa miaka 7, mwenye mtindio wa ubongo, huteleza na kuegemea kushoto kwenye kiti alichopewa, ukauliza kama umwekee mto ubavuni. Mto usubiri. Nyonga zikikaa upande, mgongo na shingo hufuata.

Mkalishe mpaka makalio yaguse egemeo la mgongo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, vidole viwili vipite. Visipopita, sehemu ya kukalia ni ndefu mno kwake kutoka nyuma hadi mbele, na huenda ndiyo sababu anateleza. Mkanda ukae chini, karibu na mapaja. Ukipanda tumboni anaweza kupenya chini yake, na hiyo ni hatari kubwa. Nyayo zikanyage, zisining'inie.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote wa Kondele, hapa Kisumu, akirekebishe kiti, tafadhali mpeleke kwa wataalamu wa tiba kazi (wanaosaidia mtu kukaa na kufanya shughuli za kila siku) pale hospitali ya Jaramogi (ndiyo tunayoiita Russia). Watapima kama mgongo bado unanyooka kwa mkono. Ukinyooka, kiti kinaweza kumshikilia wima. Ukiwa umekakamaa, kiti ndicho kifuate umbo lake, mtoto asilazimishwe.

Na kila jioni mkague makalio. Kwenye ngozi yetu nyeusi, wekundu unaotangulia kidonda cha kukaa hufichika, kwa hiyo tazama na upapase: pakiwa peusi kuliko kawaida, pa moto au pagumu, asikalie hapo, na usingoje kidonda ndipo uende hospitali.