Plau ya mtumba kwa trekta dogo la bustani: cha kukagua kabla ya kununua na namna ya kuipima mpaka ilime

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama trekta dogo la bustani la nguvu za farasi 16 linaweza kuvuta plau ya mtumba ya inchi 10, na kwa nini plau nyingi za aina hiyo zikishafungwa zinakwaruza juu ya ardhi bila kuzama. Naanza na la pili, kwa sababu ndilo litakalokuonyesha plau ipi ya kununua.

Plau haizami kwa uzito wake, wala kwa kukandamizwa na lifti. Inazama kwa umbo. Wembe, yaani kile kipande cha mbele kinachokata chini, ncha yake imeinamishwa kidogo kwenda chini na kidogo kwenda kushoto, upande wa ardhi ambayo bado haijalimwa. Trekta likivuta, ncha inajichimbia yenyewe. Nyuma yake kuna ubavu, bamba refu bapa la upande wa kushoto linaloteleza kwenye ukuta wa mtaro, ambalo linazuia plau isisukumwe pembeni na udongo unaogeuzwa na bawa, lile bamba lililopinda juu ya wembe. Wembe ukilika mpaka ule mwinamo ukapotea, hata ukiifunga mawe kilo 50 juu yake itaendelea kuparua. Wengi huongeza uzito juu ya plau, halafu wanashangaa trekta limechoka na ardhi iko vile vile.

Kwa hiyo unapokwenda kuiona, beba rula ya chuma iliyonyooka ya urefu wa kama sentimita 60, brashi ya waya na spana. Geuza plau chini juu, uweke rula kutoka kwenye ncha ya wembe hadi kisigino cha ubavu kule nyuma. Pale katikati, ambapo wembe unakutana na ubavu, patakuwa na uwazi. Kwa plau ndogo uwazi wa milimita 3 hadi 6 ni mzuri. Fanya hivyo hivyo kwa upande wa kushoto: rula iguse ncha na kisigino, na katikati pabaki kama milimita 3 hadi 5. Rula ikilala bila uwazi wowote, au ncha ikiwa imeinuka kama kidole kilichopinda, wembe huo umekwisha.

Wembe uliokwisha si sababu ya kuiacha plau, mradi uwe na uhakika wa kupata mwingine. Kabla hujalipa, pima umbali kati ya matundu ya bolti, kipenyo cha matundu na unene wa chuma, kisha tafuta kama upo unaolingana. Kama ni wa chuma cha kufuliwa, mhunzi anaweza kuupasha moto, akaivuta ncha na kuirudishia mwinamo. Kama ni wa chuma cha kumimina hapo hakuna cha kufua, utapasuka. Kuvijua, gusisha grainda kidogo mahali pasipoonekana: chuma cha kufuliwa kinatoa cheche ndefu zenye mwanga mkali, cha kumimina kinatoa cheche fupi nyekundu zinazozima karibu na jiwe.

Kitu ambacho mimi ningekiacha bila mjadala ni plau yenye ufa kwenye kiunganishi. Hiki ni kile kipande kizito cha ndani ambacho wembe, bawa, ubavu na mhimili (ule mti mrefu wa chuma unaoivuta plau) vyote vinafungwa juu yake. Mara nyingi ni cha kumimina, na ndicho kinachobeba nguvu zote plau ikigonga jiwe au mzizi. Kisugue kwa brashi ya waya kuzunguka matundu ya bolti na pale kinaposhika mhimili. Ukiona mstari wa kutu unaotokea ndani ya chuma, au alama za kuchomelea zilizofunikwa kwa rangi mpya, iache. Kisha simama nyuma, uangalie mhimili kwa jicho moja kama fundi anavyoangalia mbao. Mhimili uliopinda pembeni unafanya plau itembee kimshazari, na hakuna marekebisho ya kiungio, yaani pale plau inapofungwa kwenye trekta, yatakayolitibu hilo.

Kutu ya juu kwenye bawa haina shida. Vishimo vya kutu ndivyo vyenye shida, maana udongo wa mfinyanzi hunasa humo na bawa likishaanza kubeba udongo plau inageuka kuwa sepeto. Pitisha ukucha: ukikwama kila mahali, bawa hilo litakusumbua kwenye udongo mzito ingawa kwenye kichanga litafanya kazi.

Nenda na vipimo vya kiungio cha trekta lako pia. Matrekta ya bustani huwa na kiungio cha pini moja ya wima, au kile cha mikono mitatu cha kategoria 0 (daraja la ukubwa la matrekta madogo), ambacho pini zake ni za milimita 16. Plau ya kategoria 1 ina pini za chini za milimita 22 na nafasi pana zaidi kati ya mikono. Bushi zinaweza kutatua tofauti ya pini, lakini mara nyingi plau ya kategoria 1 ni ya inchi 12 au 14, na hapo tatizo linakuwa ukubwa wenyewe.

Sasa, je, farasi 16 zinatosha? Zinatosha na kubaki. Kinachokosekana kwenye matrekta haya ni uzito. Plau ya inchi 10 ikilima sentimita 15 inakata eneo la takriban 25 × 15, yaani sentimita za mraba 375. Kichanga kinakataa kwa kama kilo 0.2 kwa kila sentimita ya mraba, tifutifu kama 0.4 hadi 0.5, mfinyanzi 0.7 na kuendelea. Maana yake unahitaji mvuto wa kilo 75 kwenye kichanga, 150 hadi 190 kwenye tifutifu, na zaidi ya 260 kwenye mfinyanzi. Kuvuta kilo 190 kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa ni kazi ya farasi wasiofika 3. Lakini tairi kwenye udongo hushika kwa takriban nusu tu ya uzito ulio juu yake. Kama ekseli ya nyuma inabeba kilo 300 pamoja na dereva, mvuto wako unaishia karibu na kilo 150, na kwenye tifutifu uko ukingoni.

Hapo ndipo pa kuwekeza. Tairi za nyuma ziwe za meno ya shambani, zile za nyasi zinateleza hata kwenye udongo mkavu. Jaza maji robo tatu ya tairi. Tairi ya ukubwa wa 23×10.50-12 inachukua kama lita 35, kwa hiyo unapata karibu kilo 70 kwa zote mbili, na penye baridi ya kugandisha changanya na dawa ya kuzuia kuganda. Ongeza vyuma vya uzito kwenye rimu, na kama huna vya kutosha, vizidishe gurudumu la kushoto: la kulia likiwa ndani ya mtaro trekta linalala kulia, la kushoto linakuwa jepesi na ndilo linaloanza kuzunguka bure. Upepo wa tairi za nyuma uwe 8 hadi 12 psi. Mbele weka kilo 20 hadi 40 ili usukani usiwe mwepesi plau ikiinuliwa.

Tahadhari moja hapa: trekta la kukatia nyasi tu, lenye gia nyepesi za kufungwa kiwandani na rimu ndogo nyuma, lisifungiwe plau. Ekseli na gia zake hazikuundwa kwa mvuto wa kudumu, na ukiongeza uzito ndiyo unaziharakisha kufa. Na usivute plau kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli. Plau ikinasa kwenye mzizi, trekta linaweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva.

Baada ya kuinunua, fungua kila kitu. Bolti za plau zina kichwa kinachozama na shingo ya mraba, usiweke za kawaida kwenye wembe na bawa kwa sababu kichwa kinachojitokeza kinakusanya udongo na kulika haraka. Zilizoganda zilowekwe dawa ya kulegeza kutu usiku mzima. Zisipokubali, kata nati kwa grainda uweke mpya. Rangi yote iliyo kwenye bawa itoke. Ling'arishe kwa diski ya msasa namba 60, halafu 80, halafu 120, ukifuata njia ambayo udongo unapita. Usichimbe kwa jiwe la kusagia, maana mabawa mengi ya zamani yana tabaka gumu juu na laini katikati. Ukilimaliza la juu umeliharibu.

Kupima ndiko kunakoamua kila kitu, na kunafanyika kwenye sakafu bapa kabla ya kwenda shambani. Kama unataka kulima sentimita 15, pandisha magurudumu ya kushoto, la mbele na la nyuma, juu ya mbao za unene wa sentimita 15. Ya kulia yabaki sakafuni. Hivyo ndivyo trekta litakavyolala likiwa kazini. Shusha plau mpaka iguse sakafu. Simama nyuma: wembe ulale bapa na ubavu usimame wima, ukihakikisha kwa pimamaji. Rekebisha kwa mkono wa kulia wa kiungio au kwa skrubu ya kulaza plau. Kisha tazama kwa pembeni: ncha ikigusa sakafu, kisigino cha ubavu kiwe kimeinuka kama milimita 10. Kwenye mikono mitatu, kufupisha mkono wa juu kunainua kisigino, kuurefusha kunakishusha.

Upana nao una kanuni. Kutoka ukuta wa ndani wa tairi ya nyuma ya kulia hadi kwenye ubavu wa plau pawe na upana wa plau, kwa hii ni sentimita 25. Ubavu uende sambamba na mwendo wa trekta. Acha kiungio kicheze pembeni kidogo ili plau ijitafutie mstari, na lifti iachwe ielee. Ikishikilia plau juu, kina kitabadilika kila trekta linapopanda na kushuka.

Kisu cha duara, kile kinachotangulia kuukata udongo mbele ya bawa, kama plau inacho, kikae milimita 12 hadi 19 kushoto kwa ukingo wa mbele wa bawa, kitovu chake juu ya ncha ya wembe, na kikate nusu ya kina tu. Ukikishusha sana kinabeba plau na kuizuia kuzama.

Mtaro wa kwanza usiuhukumu, kwa sababu magurudumu yote bado yako juu na plau imelala upande. Lima sentimita 8, rudi na gurudumu la kulia ndani ya mtaro ukilima 12, na mzunguko wa tatu ndio uende 15. Usizidi theluthi mbili za upana wa plau, la sivyo tabaka la udongo linasimama wima badala ya kugeuka. Mwendo uwe kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Ukienda polepole mno bawa halirushi udongo. Kwanza finya udongo wa kina hicho mkononi: ukishikamana kisha ukavunjika kwa kuguswa, lima. Ukibaki kama unga wa kukanda, subiri.

Baada ya mita kumi, simama uangalie sakafu ya mtaro. Kisigino kikiwa kimechora mfereji mzito, kiko chini mno, fupisha mkono wa juu nusu mzunguko. Kisipogusa kabisa na plau inazamia kupita kina, urefushe. Trekta likivutwa upande mmoja, rudia kipimo cha upana kabla ya kulaumu usukani. Ukuta wa mtaro ukichanika, kisu ni butu au kimekaa karibu mno na bawa. Udongo ukiganda kwenye bawa sehemu ile ile kila mara, hapo pana rangi au kutu iliyobaki. Na ukimaliza siku, futa bawa, wembe na ubavu, upake grisi au mafuta mazito usiku huo huo, kwa sababu kutu ya usiku mmoja wenye umande inatosha kukurudisha kwenye msasa.